Nahamia nyumba ndogo Nakuru na baridi hii, naombeni ushauri

Baba_Wawili: Wadau, salaam. Naishi Kiamunyi na mke wangu, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Watoto wameshatoka, mmoja yuko Mombasa, mwingine ameolewa Eldoret. Kodi imepanda na payslip kila mwezi inazidi kukonda. Nimepata nyumba ya chumba kimoja cha kulala Section 58, karibu na kazini, nitaokoa hata nauli. Lakini usingizi umenipotea kabisa. Viti na kabati kubwa nifanyie nini? Na je, nihame Julai hii na baridi yake au ningoje Septemba?

Fundi_wa_Lanet: Kabati usimwite dalali, atakupa bei ya kuni. Lifungue mwenyewe, skrubu zitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwa mlango wake. Mimi nilihama nikazipoteza, mpaka leo milango imeegemea ukuta.

Mlipa_Kodi: Tatizo si kabati. Tunakatwa 1.5% ya ushuru wa nyumba, mwajiri naye anaongeza 1.5% nyingine, bado 2.75% ya SHIF, ile bima ya afya, halafu mtu mzima anarudi chumba kimoja! Umejaribu kuomba zile nyumba nafuu za Bondeni kupitia Boma Yangu, ule mtandao wa serikali?

Baba_Wawili: Nilijisajili. Sijaitwa.

Mama_Njoro: Ndugu yangu, hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya kabati. Hiyo nyumba iko ghorofa ya ngapi? Na hapo kwako mnaishi wangapi?

Baba_Wawili: Ya nne, haina lifti. Mama yangu mzazi pia tunaishi naye. Lakini hilo nimeshalipanga, ataenda kwa kaka yangu Molo. Dipoziti nimeshalipa.

Mama_Njoro: Molo mwezi wa saba! Kule ukifua leo, nguo unaanua keshokutwa. Mzee unamtoa penye joto kidogo unampandisha penye ukungu? Mama ni mama, usitafute laana.

Mkenya_Minnesota: Niseme langu. Nilimleta mama huku Januari, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani kulikuwa na joto la kutosha, hata sweta hakuvaa. Kilichomuumiza ni kukaa dirishani tangu asubuhi bila kuona mtu wa kumwambia habari yako. Aprili akaomba tikiti ya kurudi. Kwa hiyo usiulize baridi tu, uliza atashinda na nani.

Baba_Wawili: Kaka ana jiko la kuni, na wajukuu wako hapo. Tena shamba ni la mama mwenyewe, hati ina jina lake. Simtupi, namrudisha kwake.

Mama_Njoro: Kama ni kwake, aliondoka lini na kwa nini?

Baba_Wawili: Januari 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi. Tulimtoa kambi ya wakimbizi, pale uwanja wa maonyesho, akiwa na godoro moja. Tangu hapo Molo huenda mchana na kurudi jioni. Anasema atalala kule uchaguzi ukipita salama. Alisema hivyo 2013, akasema 2017, akasema 2022, na sasa anasema 2027. Nyuma ya mlango wake kuna mkoba ulio tayari: kitambulisho, hati ya shamba, tochi, sweta. Kila betri za tochi zikiisha hunituma dukani.

Shaka_Tupu: Hadithi ya kutunga hii. Mara ni mimi na mke wangu, mara mama katokea, mara 2008. Kesho tutaambiwa kuna babu darini. Nyinyi ni watu wa wanasiasa, mnatupimia joto la 2027 mapema.

Mlipa_Kodi: Mimi pia nimeanza kushuku. Mwanzo alikuwa na kabati tu.

Fundi_wa_Lanet: Acheni hizo. Kwetu Kuresoi mkoba kama huo ulining'inia jikoni tangu mapigano ya 1992. Mtu hatungi habari ya betri za tochi.

Baba_Wawili: Shaka, amini usiamini. Sikumtaja kwa sababu sikutaka mama yangu ajadiliwe kama mzigo. Kodi ya Kiamunyi siiwezi tena, huo ndio ukweli wangu. Na Molo sasa kuna amani, majirani wenyewe humuulizia atarudi lini.

Mama_Njoro: Amani ya majirani naiamini. Lakini anayepaswa kulala usingizi kule ni yeye, si wewe. Umemwambia?

Baba_Wawili: Bado.

Mama_Njoro: Basi mwambie leo, kabla gari la kuhamisha mizigo halijamwambia. Na mwenye nyumba muulize kama dipoziti inaweza kuhamishiwa nyumba ya chini, wengine hukubali.

Fundi_wa_Lanet: Huku Lanet kuna vyumba viwili vya kulala, chini kabisa, jua la asubuhi linaingia hadi sebuleni. Kodi haifiki ya Kiamunyi. Ni mbali na kazi yako, utapanda matatu.

Baba_Wawili: Nauli tutaona. Nitumie namba ya keateka, yule msimamizi wa nyumba, kwa inboksi. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Magoti ya mama hayakunjiki.