Bret Hart angetumiwa vizuri, WCW ingekuwa hai?

Jongoo wa Kona

Wakuu, nina wiki tatu narudia Nitro, kile kipindi cha Jumatatu cha kampuni ya mieleka ya WCW, za 1997 na 1998, usiku usiku, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na minne. Dogo amezaliwa WCW imeshazikwa, hana kumbukumbu za kumpendezeshea mambo kama mimi. Anaona kilichopo kwenye skrini, basi.

Juzi tukafika Starrcade, onyesho kubwa la WCW la mwisho wa mwaka, Desemba 28, 1997. Nilikuwa nimempigia debe Bret Hart wiki nzima. Subiri umwone, nikamwambia, huyu ndiye fundi wa mafundi, huyu ndiye ambaye WWF, kampuni pinzani ya Vince McMahon, walimdhulumu mkanda kule Montreal wiki saba nyuma, kengele ikagongwa na wala hajasalimu amri. Dogo akakaa mkao wa kula. Bret akatokea. Kama refa!

"Mjomba, yeye anapigana lini?"

Nikakosa jibu. Ndiyo maana naleta kwenu. Desemba ile WCW walikuwa wanaongoza kwa watazamaji Jumatatu usiku tangu Juni 1996, na mkononi wameangukiwa na mtu ambaye dunia nzima ya mieleka ilikuwa inamwonea huruma. Miaka mitatu na ushee baadaye kampuni haipo. Mimi nashikilia kwamba wangemjenga Bret tangu siku ya kwanza awe steringi wao, anguko lile lisingetokea. Nipingeni.

Teke la Ghafla

Unamlilia mtu siye, mkuu. Wa kuiokoa alikuwepo humo humo ndani na hakuhitaji kununuliwa kwa Vince: Goldberg. Julai 6, 1998, Georgia Dome, watu zaidi ya elfu arobaini, anamlaza bingwa Hogan na kuchukua mkanda. Na walilionyesha bure kwenye Nitro! Pambano ambalo watu wangelilipia wakaligawa ili washinde usiku mmoja. Desemba 27 mwaka huo huo Nash akamvunjia rekodi ya kutoshindwa, tena baada ya Scott Hall kumpiga shoti ya umeme. Wiki moja baadaye, Januari 4, 1999, Hogan anamgusa Nash kifuani kwa kidole, Nash anaanguka kama gunia, mkanda unabadilisha mikono. Mimi niliacha kuangalia siku hiyo hiyo.

Refa Kipofu

Jongoo, mpwa wako ana akili. Ila swali lake tulijibu polepole, kwa sababu hapo kwenye Starrcade ndipo palipo na utamu wote.

Kumbuka Bret alipewa kazi gani. Mwanamieleka Sting amekaa kwenye mapaa ya kumbi zaidi ya mwaka mzima, hasemi neno, anamsubiri Hogan. Usiku ule ilibidi refa Nick Patrick ahesabu harakaharaka kumpendelea Hogan, halafu Bret aingie aseme dhuluma ya Montreal haitarudiwa mbele yake. Patrick akahesabu kawaida kabisa. Kwa macho ya mtazamaji Sting amelazwa kihalali, na Bret anakuja kulalamikia kitu ambacho hakikutokea. Pambano likaanza upya, Sting akashinda kwa mkunjo ule ule wa miguu ambao Bret mwenyewe anauita Sharpshooter. Kwa hiyo usiku mmoja umeharibu watu wawili: Sting kaonekana kabebwa, Bret kaonekana mlalamishi. Januari mkanda wenyewe ukanyang'anywa.

Lakini hata bila kosa la Patrick, mimi naona biashara ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hasira ya Montreal ilikuwa na mlengwa mmoja tu, Vince McMahon, naye yuko kituo kingine. WCW walimchukua aliyedhulumiwa wakamwacha dhalimu kule kule. Na yule dhalimu akageuka kuwa adui bora kuliko wote katika historia ya mchezo huu! Montreal ndiyo iliyomfanya watu wamzomee kwa dhati, kisha akapewa mwanamieleka Austin wa kumsumbua, na Aprili 13, 1998 Raw, kipindi cha Vince, ikakata ule mfululizo wa Nitro kuongoza wiki 83. Yaani kuondoka kwa Bret kuliwafaa zaidi aliowaacha kuliko aliowaendea.

Huku wiki ile iliyofuata, Aprili 20, Bret anamsaidia Hogan kumpora Savage mkanda. Ndiyo, Hogan. Hajamaliza miezi mitano kazini kashageuzwa adui.

Jongoo wa Kona

Refa, umenigusa pabaya hapo kwa Vince, sikuwahi kulitazama hivyo. Lakini hujanimaliza. Hapo unanionyesha walivyomtumia vibaya, na ndiyo hoja yangu! Nenda kaangalie Oktoba 4, 1999, Kansas City, Kemper Arena, jengo lile lile alimofia mdogo wake Owen mwezi wa Mei. Bret na Chris Benoit. Hakuna vurugu, hakuna genge linaloingia ulingoni, ni wanaume wawili wanajua kazi yao. Dogo, ambaye kila dakika kumi anachungulia simu, hakuigusa. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo.

Refa Kipofu

Uwezo nani kaukataa? Hesabu kilichofuata, kaka. Novemba wanampa ubingwa Toronto. Desemba 19 teke la Goldberg linamtikisa ubongo, na mwaka uliofuata akastaafu. (Teke la Ghafla, mtu wako ndiye aliyemmaliza mtu wa Jongoo. Kwa bahati mbaya, lakini ndivyo.) Januari 2000 Benoit anapewa mkanda, kesho yake anaondoka, na Guerrero, Malenko na Saturn nao wanaondoka. Kwenye pambano lile unalolisifu, mmoja kaumia, mwingine kahama, ndani ya miezi minne.

Na kifo chenyewe hakikutoka ulingoni. Hasara ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini Machi 2001 Bischoff, aliyewahi kuiongoza WCW, na wenzake wa kampuni ya Fusient walikuwa tayari kununua. Jamie Kellner, aliyekabidhiwa vituo vya Turner, akasema mieleka haina nafasi tena kwenye TNT wala TBS. Ted Turner, mwanzilishi wa vituo hivyo, aliyeipenda, hakuwa tena na sauti ndani ya kampuni mama, AOL Time Warner. Bila saa za televisheni wanunuzi wakajitoa, na Vince akaokota jina na kanda kwa dola milioni chache tu. Niambie, ni mwanamieleka gani angemlaza Kellner?

Teke la Ghafla

Goldberg 😂

Jongoo wa Kona

😂 Haya. Nakubali nusu: asingeizuia 2001. Ila kama Nitro ingekuwa inaingiza faida, sidhani kama Kellner angekuwa na ubavu wa kuifuta. Hapo sitoki.

Sisi bado tuko 1998, Septemba. Jana dogo kaniomba turuke moja kwa moja hadi Nitro ya mwisho, Machi 26, 2001, amesikia Sting na Flair wanapigana. Halafu akauliza kama Bret atatokea kuaga. Nimemwambia turuke tu, tutaona.