Taboti 11 za Ethiopia zimefungiwa London: hakuna anayeziona, hakuna anayezichunguza, na bado hazirudishwi

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Katika Makumbusho ya Uingereza jijini London zimefungiwa taboti 11 za Kanisa la Orthodox la Ethiopia, nyingi zikiwa ni nyara za Maqdala, ngome ya Ethiopia iliyoporwa na jeshi la Uingereza. Umma hauonyeshwi, watafiti hawaruhusiwi kuzichunguza, hazipigwi picha, na hata wahifadhi wa makumbusho hayo hawaingii kuzitazama. Wanaoruhusiwa ni makasisi wa kanisa hilo tu. Yaani wenye makumbusho wanakiri kwa matendo yao kwamba vitu hivi ni vitakatifu mno kwa macho ya mtu wa kawaida. Sasa wanavishikilia kwa faida ya nani?

Kwa asiyefahamu, taboti ni kibao cha mti au cha jiwe kilichowekwa wakfu, kwa mfano wa vibao vya sheria alivyopewa Musa. Hukaa patakatifu pa patakatifu, na pasipo taboti jengo halihesabiwi kuwa kanisa. Sikukuu ya Timkat inapofika, mwezi wa Januari, kasisi huitoa ikiwa imefunikwa kwa vitambaa vya thamani, huibeba kichwani hadi penye maji, na umati humfuata kwa nyimbo na ngoma. Kwa hiyo askari aliyeondoka na taboti hakuchukua pambo la ukutani. Aliwaacha waumini na kuta tupu.

Mwaka 1868 Uingereza ilituma jeshi la askari wapatao 13,000 chini ya Robert Napier, pamoja na tembo 44 waliovushwa bahari kutoka India, ili kuwakomboa Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros wa Pili. Mateka hao walikuwa wameshaachiwa ngome ya Maqdala ilipovamiwa tarehe 13 Aprili, siku ambayo Tewodros alijiua asishikwe. Naomba jambo hilo lisipitwe haraka: kile kilichotajwa kuwa sababu ya vita kilikuwa kimekwisha, na uporaji ukaja baada yake. Hazina ya mfalme na kanisa la Medhane Alem vilikombwa, mali ikapakiwa juu ya tembo 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Dalanta, na huko ikanadiwa kwa siku mbili ili fedha zigawiwe askari. Mnunuzi mkubwa katika mnada huo alikuwa Richard Holmes, mtu aliyetumwa na Makumbusho ya Uingereza yenyewe kufuatana na jeshi. Hawawezi basi kusema kwamba walipokea vitu bila kujua vilikotoka, maana mtu wao alikuwa pale pale, fedha mkononi.

Wala wasituambie kwamba tunahukumu mambo ya kale kwa vipimo vya leo. Mwaka 1871 Waziri Mkuu wao Gladstone alisimama Bungeni akasikitika kwamba vitu vya Maqdala viliwahi kuchukuliwa. Aliona aibu wakati nyara hizo zingali mpya.

Kisingizio kinachorudiwa ni sheria ya Makumbusho ya Uingereza ya mwaka 1963, inayowazuia wadhamini kutoa vitu vilivyomo. Lakini sheria hiyo hiyo inawaruhusu kutoa kitu kisichofaa kubaki humo, iwapo kukitoa hakutawadhuru wanaotaka kukisoma. Msomi gani atadhurika kwa kuondolewa kitu ambacho hajawahi kuruhusiwa kukitazama? Isitoshe, mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyoporwa wakati wa Wanazi, na lilifanya vyema. Njia ya kisheria hupatikana pale wanapotaka.

Ethiopia iliomba rasmi mwaka 2007 irudishiwe vitu vya Maqdala. Mwaka 2018 Makumbusho ya Victoria na Albert, mengine ya London, yenye taji la dhahabu na kikombe cha dhahabu kutoka Maqdala, yalijibu kwa kutaja mkopo wa muda mrefu. Nalisoma neno hilo “mkopo” na damu inachemka, kwa sababu mwenye mali hakopeshwi mali yake mwenyewe.

Kuna watakaosema huko vitu viko salama zaidi. Mwaka 2023 Makumbusho ya Uingereza yenyewe yalitangaza kwamba vitu takriban 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Na sisi wa pwani tusidhani hili ni la Wahabeshi peke yao: Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya, ilinyang'anywa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, nayo imo katika ghala la makumbusho hayo hayo.

Kurudisha kunawezekana. Mwaka 2001 taboti moja ilikutwa kabatini katika kanisa la Mtakatifu Yohane mjini Edinburgh. Kasisi wa pale hakuunda tume wala hakutafuta vifungu, na mwaka uliofuata ikapokelewa Addis Ababa na maelfu ya watu waliojaa barabarani. Mwaka 2024 kanisa la Westminster Abbey la London nao walikubali kimsingi kuirudisha taboti waliyokuwa wameifungia ndani ya madhabahu yao.

Wadhamini wa Makumbusho ya Uingereza hawahitaji kulisubiri Bunge. Kifungu wanacho. Wakae kikao kimoja, wakitumie, na wale makasisi wanaoruhusiwa kuingia katika chumba kile watoke safari moja wakiwa wamezibeba taboti zote 11 vichwani mwao.