Mrejesho: chambo cha manyoya mdomoni mwa mto Sabaki

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini chambo changu cha manyoya (ndoana iliyofungwa manyoya kumvutia samaki) hakiguswi Sabaki, karibu na Malindi, maji yakigeuka mekundu. Mzee mmoja wa Mambrui akanijibu niache kulaumu ndoana, nitazame maji. Alisema kweli.

Matope yale ni udongo wa bara, unashuka na Athi na Galana, ndio mto huu huu kwa majina yake ya bara, mvua zikinyesha huko juu. Malindi kunaweza kuwa kukavu kabisa na mto ukaja umefura. Samaki haoni. Basi nikaacha chambo cheupe, nikafunga cheusi, kikubwa, nikakivuta polepole kandokando ya ukingo. (Majini sikuingia, viboko wapo.) Tena nikangoja bamvua, siku za maji makubwa ya bahari, maji yakijaa, bahari ikausukuma mto nyuma. Pale maji mekundu yanapokutana na ya kijani pana mstari unaouona kwa macho. Hapo ndipo! Kolekole wawili, na wa tatu akakata mshipi.

Kinachonisumbua bado ni kaskazi, matope yanaposukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi. Aliyewahi kuvua huko majira hayo, tafadhali anieleze anatumia chambo gani. Mzee wangu wa Mambrui, shikamoo, na ahsante sana.