Mafundi wa nyumba janja Dodoma, acheni kuisingizia Raspberry Pi uzembe wenu

Wakuu, hili limenichosha na leo nalisema.

Nyumba mpya zinaota kila siku Nzuguni, Kisasa, Ilazo, na wenye nyumba wanauziwa mfumo uleule: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), Home Assistant (programu inayoendesha vifaa vya nyumba), swichi za Zigbee (zisizo na waya wa mawasiliano), relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya pampu ya maji. Miezi michache tu mfumo unagoma. Fundi akiitwa anasema hicho kidude ni kibovu, nunua kingine. Mnawalia watu hela kwa kosa lenu!

Pi 4 inataka 5.1V na ampea 3. Nyie mnachomeka chaja ya simu ya wati 18. Wati hizo zinapatikana kwenye 9V, na Pi haiombi 9V. Ikibaki kwenye 5V, baadhi ya chaja za aina hiyo hutoa ampea 2 tu. Halafu mnaunga waya mwembamba wa mita 2. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2, ukipitisha ampea 3, unakula volti 0.6. Kwa hiyo 5.1 inafika 4.5, wakati Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63. Taa nyekundu inazimika-zimika, prosesa inapunguza kasi, memori kadi inayobeba mfumo inaandikwa nusunusu. Home Assistant yenyewe ina kihisi cha kuonya umeme mdogo. Kwenye Raspberry Pi OS (mfumo endeshi wa Pi) fungua dirisha la amri, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0 uko salama, likiwa 0x50000 umeme ulishawahi kushuka tangu iwashwe. Ni sekunde tano za kazi, na hamfanyi.

Kadi nayo. Memori kadi za bei ya chini zina feki nyingi: imeandikwa GB 64, ndani kuna 8. Ipimeni kwa H2testw au f3, programu za kupima ukubwa halisi wa kadi, kabla ya kufunga. Hata ikiwa halisi, Home Assistant inaandika kumbukumbu za vihisi kwenye kanzidata kila sekunde 5 na kuzitunza siku 10. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaharibika. Wekeni hii kwenye configuration.yaml, faili la mipangilio yake, ili iandike kila sekunde 30 na kutunza siku 5:

```
recorder:
  commit_interval: 30
  purge_keep_days: 5
```

Ondoeni pia kwenye kumbukumbu hizo vihisi visivyo na kazi, mfano nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi. Mteja akiwa na uwezo, mwekeeni SSD ya USB (diski ya kuhifadhia) na kadi iachwe kabisa. Na umeme wa akiba si anasa: bateri ya lithiamu fosfeti ya 12V 6Ah ina takriban Wh (wati-saa) 77, na Pi pamoja na ruta vikila wati 12 inavibeba kwa muda wa saa 5 hivi, ukitoa umeme unaopotea njiani. Ruta isisahaulike, maana Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiamka bila intaneti haijui ni saa ngapi, na ratiba zote zinavurugika.

Linaloudhi kuliko yote ni pampu. Relei ndogo ya bluu ya ampea 10 mnaifunga moja kwa moja kwenye pampu ya hosipawa 1! Pampu ikizunguka inakula ampea 5 au 6, sawa, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Vyuma vya ndani vya relei vinayeyuka na kugandana. Home Assistant inasema "zima", kwenye simu inaonekana imezimwa, kumbe pampu inaendelea. Mji wenyewe maji ni ya mgao. Tangi la chini likikauka pampu inaungua. Relei iwashe kontakta (swichi kubwa ya umeme mzito), kontakta ndiyo ibebe pampu, na floti (swichi ya boya inayopima maji) ya tangi la chini ikate umeme wa koili inayoiwasha kontakta, bila kupitia Pi hata kidogo. Programu ikifa, floti bado inafanya kazi.

Mwisho, nywila. Tangu Januari 2025 bakapu (nakala za akiba) za Home Assistant kwa kawaida zinafungwa kwa ufunguo wa siri. Mnaondoka nao, na bakapu mmeziacha kwenye kadi ileile itakayokufa. Akaunti ya mmiliki iwe ya mwenye nyumba, ufunguo apewe kwenye karatasi, bakapu ziende nje ya kadi.

Aliyefungiwa hivi aweke hapa picha ya chaja, maandishi ya ampea yaonekane, na ya relei ya pampu. Kabla ya kununua Pi nyingine.