Muziki wa kompyuta: KU, TUM ama studio ya mtaani?

kijana_wa_tudor: Asalaam aleikum jamani. Nimemaliza fomu foo, hesabu niko sawa, kinanda napiga kidogo kwenye taarab na mjomba wangu. Sasa nataka kusomea mambo ya sauti kwa kompyuta na njia ni tatu, nende Kenyatta University (KU) Nairobi nikasome muziki, ama nibaki hapa hapa Tudor nifanye injinia ya umeme na elektroniki TUM (Technical University of Mombasa), ama nikae studio nijifunze kazi kwa mkono. Mama asema muziki si kazi.

fundi_likoni: Mdogo wangu mi nna miaka kumi na mbili kwa mixa (mtambo wa kuchanganya sauti) na chuo sikuingia. Kuna harusi moja hapa Likoni maiki ililia wiiii mpaka kina shangazi wakaziba masikio, mimi nashusha kila kitu hadi mwimbaji hasikiki, kumbe ile sauti ya spika yarudi kwa maiki inazunguka hapo hapo, na kuna frikwensi moja (kasi ya mitetemo ya sauti) inayolia kwanza, washusha hiyo tu kwa ekwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha kila frikwensi, kelele zakatika. Darasani ni somo la wiki, mimi lilinila miaka mitatu. Studio peke yake usiende.

binti_mvita: Mi ningechukua injinia. Utajua kwa nini CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde (sikio mwisho wake kama 20,000 Hz, mitetemo kwa sekunde, na sampuli lazima zizidi mara mbili ya hapo), halafu utaweza kuunda vifaa, si kuvitumia tu. Max Mathews aliyeandika MUSIC, programu ya kutoa sauti kwa kompyuta, kule maabara ya Bell Labs Marekani 1957 alikuwa injinia wa umeme bana.

mzee_qanun: Na John Chowning je? Yeye alikuwa mtunzi wa muziki, ndiye aliyegundua sintesisi ya FM (kuunda sauti kwa wimbi moja kutikisa frikwensi ya jingine) kule Stanford, Yamaha wakaitia kwenye kinanda cha DX7 cha 1983 dunia nzima ikapiga. Kwa hivyo usimtishe mtoto. Kijana, kinanda chako hakina zile sauti za katikati ambazo qanun, ile ala ya nyuzi ya taarab, inazo, sivyo? Daunlodi Pure Data, programu ya kuunda sauti kwa kuunganisha visanduku, ni ya bure. Weka kisanduku cha mtof (chageuza namba ya noti kuwa Hz), unga na osc~ (chatoa wimbi la sauti) kisha dac~ (chapeleka kwa spika). Ukiandika 69 wapata noti ya La ya 440 Hz, andika 69.5 wapata kama 453, robo toni hiyo. Kama jambo hilo halikukoseshi usingizi basi kozi zote tatu achana nazo.

kijana_wa_tudor: Shikamoo mzee. Nimejaribu saa hii kwa laptopu ya dada, mjomba kachungulia dirishani auliza hiyo imetoka wapi 😂 Naona ni TUM, kodi ya nyumba Nairobi siiwezi, na wikendi nitambebea fundi nyaya akinikubali. Shida ni mama.

fundi_likoni: Jumamosi njoo, viatu vya kufunga. Na mama mwambie wasomea injinia ya umeme, si uongo.