Tupeane uzoefu: uliripoti uozo chuoni kwako, ikawaje?

KaraniWaZamani

Wakuu, habari za jioni. Naomba tusimuliane, ila tusitaje chuo wala jina la mtu. Uliyewahi kuripoti ubadhirifu, rushwa ya ngono, uuzaji wa mitihani, chochote kile: ulianzia wapi, na yaliyokukuta ni yapi? Naanza mimi.

Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye chuo kimoja cha umma. Siku moja yakaja mezani marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha zilizotolewa kabla, ya safari ya mafunzo kwa vitendo: wanafunzi 41, siku 6, posho zote zimelipwa. Nikafungua orodha ya saini. Wino mmoja toka juu hadi chini, na kila herufi "g" ina mkia uliojikunja kushoto. Tena kati ya waliosaini alikuwemo binti wa jirani yangu, ambaye wiki ile alikuwa kitandani na malaria. Zahanati nilimpeleka mimi mwenyewe.

Nikamwandikia barua mkuu wa juu. Hapo ndipo nilipoteleza, na ndiyo sababu ya uzi huu. Barua niliipitisha masjala ya wazi, ile ofisi ya kupokea na kutunza barua za kawaida, kama barua ya kuomba likizo. Ikagongwa muhuri, ikaingizwa kwenye rejista, ikapewa folio (namba yake jaladani), ikatiwa kwenye jalada, mhudumu akalibana kwapani akapanda nalo ghorofani. Karani, mhudumu, katibu muhtasi: watu watatu wameshaisoma kabla haijamfikia mwenyewe. Niliiwasilisha saa tatu asubuhi. Saa saba, nikiwa kwenye foleni ya chakula, mhusika wa marejesho yale akaniwekea mkono begani: "Mdogo wangu, nasikia siku hizi unaandika sana."

Hakuongeza neno. Wiki mbili baadaye nikapewa barua ya kwenda stoo "kwa mahitaji ya kazi". Wenzangu niliozoea kunywa nao chai saa nne wakawa wanakwenda saa nne kasoro. Nilihesabu rimu za karatasi miezi 14.

Kumbe chuo kilekile kilikuwa na masjala ya siri, mlango wa tatu kutoka pale. Unatumia bahasha mbili. Ya ndani unaiandika SIRI na cheo cha anayetakiwa kuifungua kwa mkono wake. Na tangu 2015 hapa Tanzania tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, inayomkinga aliyepeleka taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika asiadhibiwe kwa sababu hiyo. Semina tulihudhuria nyingi. Hili hatukuambiwa hata mara moja, na linaniuma mpaka leo.

MamaWawili

Pole sana kaka yangu. Mimi yalinikuta nikiwa mwanafunzi. Mwaka wa mwisho, msimamizi wangu alikaa na tasnifu yangu wiki saba. Nikiiulizia, jibu ni "njoo jioni, mchana hapa hakuna utulivu". Baadaye ukaja ujumbe wa simu usiohitaji tafsiri. Wenzangu wakaniambia ndivyo chuo kilivyo, nichague: nimkubalie au nidisko, yaani niondolewe masomoni.

Kilichonipa moyo ni mwaka 2018, Dk. Vicensia Shule alipoandika Twita kuhusu rushwa ya ngono Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), anakofundisha, kipindi Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya. Nikasema, kama mhadhiri kathubutu hadharani, mimi nitashindwaje faraghani? Nikapiga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Nilidhani nitadaiwa video. Niliulizwa tarehe, mahali, na maneno aliyotumia kama alivyoyasema. Nikaambiwa nisifute ujumbe hata mmoja. Kumbe kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007 kinamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ndipo atoe haki ya mtu: faini isiyozidi milioni 5, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote.

Sikumwambia hata dada niliyekaa naye chumba kimoja, na hilo lilikuwa gumu kuliko simu yenyewe. Nilihitimu nimechelewa mwaka mzima. Yule msimamizi hayupo tena darasani.

FundiMaabara254

Huku kwetu Kenya kila ukitaka kusema, wazee wanakukumbusha David Munyakei, yule karani wa Benki Kuu aliyefichua Goldenberg, kashfa ya mabilioni ya serikali yaliyolipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu. Kazi ikaenda, akafariki 2006 akiwa maskini. Kwa hivyo mimi nilitumia njia ya EACC, tume yetu ya kupambana na ufisadi, ya kuripoti mtandaoni bila jina. Unapewa sanduku la siri, unarudi baadaye kuona kama wana swali. Kesi yangu ilikuwa kemikali zilizolipiwa ambazo hazikuwahi kufika maabara.

Lakini sikilizeni kosa langu. Jina sikuandika, ila niliandika kwamba kabati la tatu lilikuwa tupu tarehe fulani. Ufunguo wa kabati hilo ni mimi peke yangu niliyekuwa nao. Maelezo yalipofika chuoni kuulizwa, walinijua siku hiyohiyo. Kabla ya kutuma, soma kila sentensi ujiulize: hili linajulikana na watu wangapi?

MzeeUtumishi

Vijana wangu wa Tanzania, ukiachishwa kazi chuo binafsi, una siku 30 tu kufungua mgogoro CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nimeona wengi wakizimaliza wakisubiri kuitwa "tuyazungumze". Wa vyuo vya umma, rufaa zenu zinakwenda Tume ya Utumishi wa Umma.

BadoNipo

Nimewasoma wote. Mimi niko ofisi ya mitihani, na nimeona alama zikibadilishwa baada ya kikao cha idara. Nimenyamaza tangu Februari na silali vizuri. Leo nimenunua bahasha mbili. Nakala niiweke wapi?

KaraniWaZamani

Isikae ofisini, wala kwenye barua pepe ya chuo. Ile halisi ipeleke mwenyewe masjala ya siri, usiondoke mpaka wakusainie kwenye kitabu cha kupokelea, na saa uiandike. Nakala mpe mtu asiyefanya kazi chuoni. Yangu alinihifadhia mama, chini ya kanga zake sandukuni. Wakaguzi walipokuja, barua ya kwenye jalada haikuonekana. Walisoma ile ya mama, inanukia karafuu.