Ni kifaru gani cha kale unachokistahi kuliko vingine, na ni kwa sababu ipi hasa?

Kipimo35 (mleta mada)

Ndugu wadau, salamu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiunganisha vifani vya plastiki vya vifaru vya vita, vile vya kipimo cha moja kwa 35, na sasa rafu yangu ya sebuleni ina vifani kumi na vitatu. Kila mgeni anayeingia huvitazama kwa zamu, kisha huuliza swali lile lile: kipi ndicho bora? Nimechoka kulijibu, kwa sababu jibu linalotarajiwa huwa ni unene wa chuma na ukubwa wa mzinga, na kwa vigezo hivyo karibu kila kifaru cha mwaka 1945 kitakishinda cha mwaka 1940, mjadala ukaishia hapo.

Swali langu kwenu ni jingine. Ningependa kujua ni kifaru kipi unachokistahi, na ni kitu gani ndani yake, yaani sehemu unayoweza kuinyooshea kidole, kinachokufanya ukistahi. Nina dukuduku moja linalonisukuma kuuliza. Kwa wiki hizi ninaunganisha T-34 ya Kisovieti, ile ya awali yenye mzinga wa milimita 76.2, na kadiri ninavyosoma habari za waliokipanda ndivyo ninavyozidi kushangaa: wapenzi wa vifaru hukisifu karibu kwa kauli moja, ilhali humo ndani palikuwa na moshi, mbano na giza. Je, tunakisifu kifaru chenyewe, au tunausifu ushindi wa jeshi lililokitumia?

FundiDizeli

Mkuu, mimi ni fundi wa injini za malori, kwa hiyo utaniwia radhi nikijibu kifundi. Kifaru changu ni hicho hicho ulicho nacho mezani.

Anza na bamba la mbele. Lilikuwa na unene wa milimita 45 tu, lakini lililazwa nyuma nyuzi 60 kutoka wima. Ukikata muhogo moja kwa moja kisha ukaukata mwingine mshazari, utaona kwamba katika ule wa pili kisu kimesafiri njia ndefu zaidi ingawa muhogo haukuongezeka unene. Ndivyo ilivyokuwa kwa risasi ya mzinga iliyokuja kwa usawa wa ardhi, ambayo ilikutana na chuma cha milimita 90, na mara nyingi ikateleza kabla hata ya kuanza kutoboa. Katika majira ya joto ya mwaka 1941 Wajerumani walikuwa na mzinga mdogo wa milimita 37 wa kupigia vifaru, na askari wao wenyewe wakaubandika jina la kibisha hodi, kwa maana uligonga wee na hakuna aliyefungua.

Chini ya bamba hilo kuna injini ya dizeli ya V-2, silinda 12, nguvu za farasi 500, wakati ambapo vifaru vingi vya mataifa mengine vilikuwa vikitumia petroli. Minyororo yake ilikuwa na upana wa nusu mita, kwa hiyo uzito uligawanyika, na kifaru kikapita kwenye tope na theluji ambako cha adui kilizama.

Sasa nije kwenye aibu zake, kwa kuwa dukuduku lako ni la haki. Gia boksi ya awali ilikuwa na gia nne, na kuingiza gia kulihitaji msuli. Madereva waliweka nyundo karibu ili kuugonga mkono wa gia pale ulipokataa, na pengine mwenzake wa redio aliuvuta pamoja naye. Chujio la hewa lilikuwa duni kabisa. Wamarekani walipopelekewa T-34 moja mwaka 1942 wakaijaribu kwenye uwanja wa majaribio wa Aberdeen, walilisifu umbo lake na darubini ya mpigaji, lakini injini ikala vumbi na kufa kabla ya kumaliza kilomita 400. Anayefanya kazi na malori kwenye barabara za vumbi anajua kwamba injini nzuri yenye chujio bovu ni sawa na kutokuwa na injini. Juu, katika mnara, yaani kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga, walikaa watu wawili tu, na kamanda ndiye aliyelenga na kufyatua, kwa hiyo katika dakika ambayo alipaswa kutazama uwanja mzima wa vita jicho lake lilikuwa limeganda kwenye darubini ya mzinga. Kasoro hiyo haikuondoka mpaka mwaka 1944 ilipotoka T-34-85, yenye mnara wa watu watatu.

Ninakistahi kwa sababu kilikubali kutengenezwa katika hali mbaya. Kiwanda cha Kharkiv kilihamishwa mwaka 1941 hadi Nizhny Tagil, katika Milima ya Ural, mashine zikipakiwa kwenye mabehewa huku adui akisogea. Huko mabamba yaliunganishwa kwa mashine za kulehemu zilizobuniwa na Evgeny Paton, ambazo hazikumtegemea fundi bingwa, na kila kisichohitajika kupendeza kiliachwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nakuomba, mleta mada, usiusugue mnara wa kifani chako ukawa laini kama yai. Minara mingi iliyomiminwa ilitoka kwenye kalibu ya mchanga ikiwa na mikwaruzo na mabaka, na hakuna aliyepoteza saa moja kuyaondoa.

Mbunifu wake, Mikhail Koshkin, alisafiri na vifaru viwili vya majaribio kutoka Kharkiv hadi Moscow mwezi Machi 1940, katika baridi kali, ili viongozi waone kwamba vinaweza kutembea kwa minyororo yao wenyewe. Alipatwa na kichomi, akafariki Septemba mwaka huo huo, karibu miezi tisa kabla ya kifaru chake kukutana na Wajerumani.

MwalimuMstaafu

Maelezo ya Fundi yamenifundisha mengi. Hata hivyo nitawarudisha nyuma kidogo, kwenye kifaru kidogo kiasi kwamba vijana wengi hukipita bila kukitazama: Renault FT ya Ufaransa.

Waingereza ndio waliotangulia kupeleka vifaru vitani, tarehe 15 Septemba 1916 huko Flers-Courcelette, katika mapigano ya Somme. Mark I yao ilikuwa sanduku la tani 28 lenye watu wanane ndani, injini ikiwa katikati yao bila ukuta wa kuwatenga, na mizinga ikitokeza ubavuni. Ili kuficha siri waliwaambia watu kwamba yanayoundwa ni matangi ya maji, na hilo jina la tangi likabaki katika Kiingereza hadi leo. Kiswahili, nadhani, kilitazama kwa makini zaidi: kiliona mnyama mnene wa ngozi ngumu anayekwenda mbele bila kukwepa, kikamwita kwa jina lake, kisha kikatofautisha kwa sarufi tu, kwamba wa porini ni kifaru huyu na wa vitani ni kifaru hiki. Wajerumani nao walikuja kuwa na gari la kuwindia vifaru lililoitwa Nashorn, ambalo maana yake ni kifaru, na hapo mfasiri wa Kiswahili atakuwa na kazi.

Renault FT iliingia vitani mwishoni mwa Mei 1918. Ilikuwa na dereva mbele, mnara mmoja katikati unaozunguka pande zote, na injini nyuma ikiwa imetengwa kwa ukuta. Tazama rafu yako, ndugu mleta mada, uone ni vifani vingapi visivyofuata mpango huo. Watu wake walikuwa wawili tu, na kwa kuwa kelele haikuruhusu maneno, kamanda alimwelekeza dereva kwa mguu: teke la mgongoni lilimaanisha nenda mbele, na la bega la kulia lilimaanisha kata kulia. Zilitengenezwa zaidi ya 3,000, na bado zilikuwamo katika jeshi la Ufaransa mwaka 1940. Ninachokistahi ni kwamba mtu alikaa mezani, akaupanga upya mpangilio wa watu na injini, na tangu wakati huo wengine wamekuwa wakirudia jibu lake.

ChuiMilia88

Naona mnaizunguka Tiger ya Wajerumani kwa makusudi. Tani 57, mzinga wa milimita 88, na jina ambalo liliwafanya askari wa upande wa pili waione Tiger katika kila kichaka. Nyinginezo ni mashine; Tiger ni kishindo. Ile iliyotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943, inayojulikana kwa namba yake 131, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington nchini Uingereza, na injini yake bado huwashwa mbele ya watazamaji. Watu husafiri kutoka mbali ili kusikia mngurumo wake tu.

FundiDizeli

Mdogo wangu, sikukatalii, na tena nitaisifu kwa jambo ambalo wewe hukulitaja: dereva wa Tiger alishika usukani wa duara kama wa gari na kuchagua gia nane kwa mkono mmoja, raha ambayo mwenzake wa T-34 hakuiota. Lakini yatazame magurudumu yake. Yamepandana safu juu ya safu kama vigae, na likiharibika la ndani, unafungua kwanza yote yaliyolifunika. Tope liliganda katikati yake usiku wa baridi, na asubuhi kifaru hakitoki. Kikitaka kupanda treni, ilibidi kivuliwe minyororo ya vitani yenye upana wa milimita 725 na kuvishwa mingine ya milimita 520, kwa sababu kilikuwa kipana kuliko behewa. Zilitengenezwa takriban 1,350 tu. Kwa mtu mwenye spana mkononi, hiyo ni adhabu.

KaraniWaForodha

Mimi nimezoea makontena na kreni, kwa hiyo kifaru changu ni Sherman ya Marekani, na sababu yangu haipo uwanjani, ipo gatini.

Kila Sherman ilivushwa bahari. Uzito wake wa takriban tani 30 ulitokana pia na hesabu ya meli, kreni na madaraja, na wanaoulaumu wembamba wa deraya yake, yaani chuma chake cha kinga, husahau kwamba kifaru kisichonyanyuka na kreni ya bandari kinabaki gatini. Zilitengenezwa zaidi ya 49,000, na pale injini ya aina moja ilipokosekana viwanda vilitia nyingine. Chrysler waliunganisha injini tano za magari zenye silinda sita kila moja zikawa injini moja ya silinda 30, jambo ambalo Fundi atalicheka, lakini lilifanya kazi. Gia boksi ilikaa mbele nyuma ya pua iliyofungwa kwa bolti. Ukifungua bolti, ukaivuta pua, kazi inaanza mara moja.

Sifa mbaya ya kuwaka moto ilikuwa na ukweli, ila chanzo kikuu kilikuwa risasi za mzinga zilizopangwa ubavuni juu ya minyororo. Katika matoleo ya mwaka 1944 zilishushwa sakafuni na kuzungushiwa maji, na vifo vya moto vikapungua sana. Kifaru hiki kiliishi hadi ukanda wetu pia: Uganda ilipata Sherman chache kutoka Israel kabla ya uhusiano wa nchi hizo kuvunjika mwaka 1972, na bado zilikuwamo katika jeshi lake wakati wa vita vya Kagera.

ChaiYaRangi

Nitasema kwa ufupi. Centurion ya Uingereza, na sehemu ninayoinyooshea kidole ni birika.

Vifaru sita vya majaribio vilifika Ulaya Mei 1945, vita ikiwa imekwisha. Katika vita hiyo wahudumu wa vifaru walikuwa wakiteremka kuchemsha chai kando ya barabara na baadhi yao wakauawa hapo hapo, hivyo katika Centurion kukawekwa chombo cha umeme cha kuchemshia maji ndani ya deraya. Wapo wanaolicheka jambo hili. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza mbunifu alipokiri kwamba watu wanne watakaa humo tangu alfajiri hadi usiku.

Uimara wake hauhitaji wakili. Mwaka 1953 Waaustralia waliiweka Centurion moja chini ya mita 500 kutoka bomu la atomiki la majaribio huko Emu Field, injini ikinguruma. Kifaru kilisimama, kikaendeshwa tena, na mwaka 1969 kikapelekwa vitani Vietnam.

MwalimuMstaafu

Naomba kuongeza moja kuhusu lile giza alilolitaja mleta mada, maana halikuwa la T-34 pekee. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, askari wa kikosi cha Tanganyika cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walishambuliwa na vifaru vya Waitalia wakiwa hawana silaha ya kuvizuia. Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alikirukia kifaru kimoja kilichotokea nyuma yao, akafungua kifuniko cha mnara kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka mafichoni. Aliuawa akijaribu kufanya vivyo hivyo kwa kingine, na baadaye alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Walio ndani hawakumwona akija. Kila tunaposifu unene wa deraya, tukumbuke kwamba ukuta huo huo ndio uliowafumba macho.

Kipimo35 (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nakiri kwamba nilikuwa nimeshausugua mnara kwa msasa upande mmoja. Jana nimeupaka gundi na kuugongagonga kwa brashi ngumu hadi mabaka yakarudi.

Nimebadili jambo jingine pia. Nimesoma kwamba madereva wengi wa T-34, kwa kuwa vioo vyao vya kutazamia vilikuwa vibovu, waliendesha huku kifuniko kilichoko kwenye bamba la mbele kikiwa wazi kiasi cha kiganja, yaani walitoboa wenyewe lile bamba la mshazari tunalolisifu, ili tu waone njia. Changu nilikuwa nimekifunga na kukigundisha. Nimekibandua. Kitabaki wazi, na pembeni ya kiti cha dereva, mahali ambapo huenda hakuna mgeni atakayepaona, nimechonga nyundo kwa njiti ya kiberiti.

FundiDizeli

Hakikisha iko upande wa kulia, mkuu. Mkono wa gia uko huko.